Dakika Ishirini na Tano za Chiara



Ndugu wapendwa katika Kristo, kila mwaka mwezi wa Rozari Takatifu unapoelekea ukingoni, tarehe 29 Oktoba, Mama Kanisa humkumbuka binti mmoja wa Italia ambaye wengi wetu parokiani hatujapata kumsikia: Mwenyeheri Chiara Luce Badano. Hakuwa mtawa, hakuanzisha shirika, wala hakuandika vitabu vya taalimungu. Alikufa kwa saratani ya mifupa akiwa bado hajatimiza miaka kumi na tisa. Tumeona vema kumtafakari wiki hii, kwa sababu maisha yake yanatugusa mahali ambapo sisi, paroko pamoja na waamini wetu, tumekuwa tukikosea kwa muda mrefu, tena tukikosea kwa nia njema.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukipeleka Komunyo Takatifu kwa wagonjwa majumbani, tuliingia katika nyumba ya kijana mmoja mwanafunzi wa sekondari. Kabla hatujafika chumbani alimolala, mama yake alituvuta kando, akatuambia kwa sauti ya chini, “Baba Paroko, tunakuomba, yeye hajui. Tumemwambia ni uvimbe wa kawaida.” Tuliitikia kwa kichwa. Tulisali, kijana akapokea Mwili wa Kristo kwa ibada kubwa. Tulipokuwa tukifunga kitabu cha sala alitutazama usoni, akauliza, “Padre, hivi mimi nitapona?”

Tulijibu upesi, “Utapona, mwanangu. Wewe sali tu.”

Akasema, “Asante, Padre,” kisha akageuza uso wake ukutani. Hakutuuliza tena swali jingine lolote, siku ile wala siku zilizofuata. Kabla Kwaresima haijamalizika tulimzika. Baada ya arobaini, mdogo wake alitueleza kwamba kaka yake alikuwa akifahamu kila kitu tangu mwanzo, kwa kuwa aliisoma karatasi ya majibu ya hospitali iliyofichwa chini ya godoro la wazazi. Alinyamaza ili mama yake asiumie. Sisi tulidhani tunamlinda, kumbe yeye ndiye aliyekuwa akitulinda. Siku ile alipouliza hakuwa akitafuta taarifa. Alikuwa akitafuta mtu mmoja ambaye angeweza kuzungumza naye kwa kweli, nasi tukamfungia mlango huku tumeshika mafuta matakatifu mkononi.

Ndugu wapendwa, tangu hapo kila tunaposoma habari za Chiara twamkumbuka kijana yule, na kila tunapomkumbuka kijana yule twarudi kwa Chiara.

Chiara alizaliwa tarehe 29 Oktoba 1971 katika mji mdogo wa Sassello, kaskazini mwa Italia, jimbo la Acqui. Baba yake, Ruggero, alikuwa dereva wa lori. Yeye na mkewe Maria Teresa walikuwa wamemngoja mtoto kwa miaka kumi na mmoja, na Chiara akabaki kuwa mtoto wao wa pekee. Wale kati yetu waliowahi kungoja mtoto kwa miaka mingi, huku ndugu na majirani wakinong’ona, wanaelewa furaha iliyoingia katika nyumba ile. Akiwa na umri wa miaka tisa alikutana na Wafokolari, chama cha kitume kilichoanzishwa na Chiara Lubich, akajifunza humo kuisoma Injili kama jambo la kutendwa leo, nyumbani na shuleni.

Tusimfanye malaika. Alipenda kuogelea, kucheza tenisi, kuimba na kucheza muziki pamoja na rafiki zake. Shuleni aliwahi kushindwa, akalazimika kurudia mwaka, jambo lililomuumiza sana. Kwa neno moja, alikuwa kama mabinti zetu wanaokaa benchi za nyuma kwenye Misa ya pili, wakicheka kidogo wakati wa matangazo.

Mwaka 1988, akiwa uwanjani akicheza tenisi, alisikia maumivu makali begani. Mwanzoni haikudhaniwa kuwa ni jambo kubwa. Uchunguzi ukaonesha kwamba ni saratani ya mifupa, ya aina ile iliyo kali. Akaanza safari za hospitali katika mji wa Torino, upasuaji, na tiba ya kemikali.

Hapa ndipo tunapofika kwenye jambo ambalo tumelipa makala hii jina lake. Siku moja Chiara alirudi nyumbani kutoka hospitali akiwa amekwisha kutambua uzito wa ugonjwa wake. Mama yake alikuwa akimsubiri kwa shauku ya kujua yaliyotokea. Chiara alimwomba asiseme naye kwanza. Akaenda moja kwa moja kitandani, akajitupa juu yake, akafumba macho. Mama alikaa pale karibu, hakusema neno. Zikapita dakika ishirini na tano. Kisha Chiara akamgeukia mama yake kwa tabasamu lake la siku zote, akamwambia kwamba sasa anaweza kuzungumza. Mama yake alishuhudia baadaye kwamba tangu saa ile binti yake hakurudi nyuma.

Wapendwa, mara nyingi watu husimulia habari za watakatifu kana kwamba ujasiri wao ulishuka kutoka mbinguni ukiwa umekamilika. Twawasikia wahubiri wakisema: mtazameni huyu, hakuogopa, hakulia, aliyapokea yote kwa tabasamu. Nasi tunaporudi nyumbani na kuona kwamba tunaogopa, twahitimisha kwamba imani yetu ni haba. Chiara alihitaji dakika ishirini na tano. Hakuna ajuaye yote yaliyopita moyoni mwake katika dakika hizo. Mtu wa miaka kumi na saba hauagi uwanja wa tenisi, harusi yake na watoto ambao hatawazaa kwa kupepesa macho tu.

Bwana wetu Yesu Kristo mwenyewe alihitaji muda. Katika bustani ya Getsemani Mathayo anatuonesha kwamba alisali mara tatu, akirudia maneno yale yale, na Luka anasimulia jasho lake lililokuwa kama matone ya damu. Aliomba kikombe kimwepuke kabla hajakubali kukinywa. Ikiwa Mwana wa Mungu hakuona haya kutetemeka mbele ya kifo, kwa nini sisi tumwambie mtoto wa jirani kwamba kuogopa ni kukosa imani? Ujasiri wa Kikristo si kutokuwa na hofu. Ni kuipeleka hofu yetu mbele ya Baba, kuiacha iseme yote, na hatimaye kusema “ndiyo”. Huo ndio ujasiri wa Chiara. Nywele zake zilipokuwa zikianguka kwa sababu ya tiba, alimwambia Yesu kwamba ikiwa Yeye analitaka jambo hilo, naye pia analitaka. Maneno hayo ni mafupi, lakini yalitoka mbali.

Tumtazame sasa mama yake, maana huenda sisi tulio wengi tutaitwa kukaa mahali pake kuliko mahali pa Chiara. Mama yule alikuwa na maneno mengi ya kumwambia mwanawe wa pekee, lakini aliyazuia. Hakumwambia, “Jikaze.” Hakumwambia, “Yupo mtu aliyekuwa na ugonjwa huu akapona.” Hakukimbilia chumba kingine kulia. Alikaa. Kitabu cha Ayubu kinatusimulia kwamba rafiki zake watatu walipomwona katika mateso yake waliketi naye chini siku saba mchana na usiku, pasipo mmoja wao kumwambia neno. Hilo ndilo jema kubwa walilomtendea. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa.

Katika jumuiya zetu ndogo ndogo tuna moyo mwema wa kuwatembelea wagonjwa, nasi twamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini tukubali kwamba mara nyingi tunaingia kwa kishindo. Tunaimba, tunasali sala ndefu, tunamweleza mgonjwa habari za wagonjwa wengine, tunawaambia wazazi mbele yake kwamba amepungua sana, kisha tunakunywa chai na kuondoka. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, nao walimaanisha mema: usingoje mgonjwa aombe ndipo umpe. Lakini sisi tumeupanua usemi huo kupita kiasi. Haulizwi uji, haulizwi anaogopa nini, haulizwi angependa kufanya nini na siku zilizobaki, haulizwi hata kama anataka kupakwa mafuta leo au kesho. Hasa akiwa kijana. Kijana mgonjwa katika nyumba zetu huzungumzwa juu ya kichwa chake, kama chombo kilichoharibika kinachosubiri fundi.

Chiara hakukubali kuwa chombo cha kusubiri. Alipokuwa hospitalini alikuwa akitembea ukumbini pamoja na binti mmoja aliyekuwa na tatizo la dawa za kulevya na huzuni nzito, ingawa kila hatua ilimuumiza. Waliomsihi apumzike aliwajibu kwamba baadaye atakuwa na muda wa kutosha wa kulala. Aliposhindwa tena kutumia miguu yake, nyumbani kwao watu walikuja kumfariji wakatoka wamefarijiwa wao. Fedha alizopewa na ndugu na jamaa kwa sikukuu yake ya kutimiza miaka kumi na minane alizitoa kwa rafiki aliyekuwa akienda umisionini Benin, huku Afrika, kwa kuwa yeye hakuzihitaji tena. Siku ya Mtakatifu Valentino aliwatuma wazazi wake waende kula chakula cha jioni wawili peke yao, wala wasirudi mapema. Alitambua kwamba baada yake watabaki wawili, akaanza kuwazoeza kuishi bila yeye.

Mtoto anawafundisha wazazi wake namna ya kubaki hai atakapokuwa amekwenda. Asingeweza kufanya hivyo kama nyumba nzima ingekuwa inaigiza kwamba hakuna kinachotokea. Ukweli ndio uliompa nafasi ya kupenda. Kijana wetu yule tuliyemdanganya naye alikuwa na mapenzi ya kutoa. Pengine alitaka kumuaga rafiki, kumwomba msamaha mwalimu, kumwachia mdogo wake redio. Hatutajua, kwa sababu tulimnyang’anya siku zake za mwisho kwa maneno mazuri. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Nacho kilio kilipokuja kilitukuta hatujaagana.

Hatusemi kwamba mgonjwa avamiwe na ukweli kama mtu anayesomewa hukumu. Ukweli una wakati wake na una sauti yake, na wapo wasiotaka kuambiwa yote kwa mara moja, nao waheshimiwe. Tunasema jambo dogo zaidi: mgonjwa anapouliza, asijibiwe kwa uongo. Laiti siku ile tungemwambia kijana, “Mwanangu, hatujui. Ugonjwa wako ni mkubwa. Wewe mwenyewe unaogopa nini?” kisha tukanyamaza na kukaa, tungekuwa tumefanya kazi ya padre.

Vilevile hatusemi kwamba tuache kuomba uponyaji. Mtakatifu Yakobo katika waraka wake anawaagiza wagonjwa wawaite wazee wa Kanisa, wawaombee na kuwapaka mafuta kwa jina la Bwana. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikumbusha kwamba sakramenti hiyo si ya wale tu walio katika pumzi za mwisho. Ndiyo maana twaiita Mpako wa Wagonjwa. Tuombe uponyaji kwa imani yote. Lakini kuomba ni tofauti na kuahidi. Wako siku hizi wanaowaahidi wagonjwa uponyaji kwa tarehe na saa, na mgonjwa asipopona humtupia lawama kwamba hakuamini vya kutosha. Huo ni ukatili uliovaa kanzu ya imani. Mbaya zaidi, wako wanaowaambia wagonjwa waache dawa za hospitali. Tunawasihi kwa jina la Kristo, msimfanyie mgonjwa wenu hivyo. Chiara alisali na alipokea tiba yote aliyopewa, havipingani.

Kuhusu dawa kuna jambo moja la kufafanua, lisije likapotosha mtu. Chiara alikataa mofini, kwa sababu ilimwondolea utulivu wa akili naye alitaka kumtolea Yesu maumivu yake akiwa na fahamu zake kamili. Hilo lilikuwa chaguo lake, nalo ni zawadi aliyoitoa mwenyewe kwa hiari. Hakuna mzazi, muuguzi, katekista wala padre mwenye haki ya kumchagulia mwingine zawadi ya namna hiyo. Mwaka 1957 Papa Pio XII aliwajibu madaktari kwamba ni halali kumpa mgonjwa dawa za kutuliza maumivu makali, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki inaitaja tiba shufaa kuwa ni namna ya pekee ya upendo. Katika nchi jirani ya Uganda, mwaka 1993, daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, na mofini ya kunywa ikaanza kuwafikia wagonjwa waliokuwa wakilia usiku kucha nyumbani kwao. Kazi ile ni Injili iliyotendwa. Basi mtu asije akamnyima mwanawe dawa ya maumivu akisema Mwenyeheri fulani alikataa. Msalaba hubebwa na aliyeupokea. Kwetu sisi walio kando, wito ni ule wa Simoni wa Kirene: kuupunguza uzito.

Chiara alijiandaa kwa kifo chake kama bibi arusi anavyojiandaa kwa harusi. Alichagua gauni jeupe la kuvikwa, akachagua nyimbo na masomo ya Misa ya mazishi, akamwambia mama yake kwamba atakapokuwa akimvika ajikumbushe kuwa sasa Chiara anamwona Yesu. Aliaga dunia alfajiri ya Dominika tarehe 7 Oktoba 1990, siku ya Bikira Maria wa Rozari, wazazi wake wakiwa karibu naye. Alimuaga mama yake akimtaka awe na furaha, kwa kuwa yeye anayo. Konea za macho yake, kwa matakwa yake mwenyewe, zilitolewa kwa vijana wawili wapate kuona. Miaka ishirini baadaye, tarehe 25 Septemba 2010, wakati wa Papa Benedikto XVI, alitangazwa Mwenyeheri katika madhabahu ya Bikira Maria wa Upendo wa Mungu jijini Roma. Wazazi wote wawili walikuwepo kuona picha ya mtoto wao ikifunuliwa mbele ya umati wa vijana. Ni mara chache katika historia ya Kanisa baba na mama wamepewa kuona jambo hilo.

Kabla hajafa alikuwa amesema kwamba yeye hawezi tena kukimbia, lakini angependa kuwakabidhi vijana mwenge, kama wafanyavyo katika michezo ya Olimpiki, kwa sababu vijana wana maisha mamoja tu, nayo yanastahili kutumiwa vema. Sisi Watanzania tunaufahamu mwenge. Twajua kwamba anayeukimbiza haendi nao mwendo wote: hufika mahali akaukabidhi, na heshima yake haipimwi kwa umbali aliokimbia, bali kwa kuufikisha ukiwa unawaka. Wako waliopewa miaka themanini wakaufikisha umezimika. Huyu alipewa miaka kumi na minane na miezi kumi na mmoja.

Vijana wetu wapendwa, mwenge huo ni wenu. Hamhitaji kuugua ili muupokee. Mnahitaji kufanya leo lile jema ambalo mmekuwa mkiliahirisha mpaka mtakapokuwa watu wazima.

Nanyi wazazi, na ninyi viongozi wa jumuiya, tunawaomba jambo moja kwa wiki hii. Katika kila jumuiya yupo mgonjwa, na katika baadhi ya nyumba mgonjwa huyo ni mtoto. Mwendeeni. Nendeni wachache, wawili au watatu. Msianze kwa wimbo. Ketini. Mwulizeni yeye mwenyewe, kwa jina lake, anaendeleaje, kisha subirini jibu, hata kama litachelewa. Mkiona ananyamaza, nyamazeni naye. Huenda mmefika katikati ya dakika zake ishirini na tano, na Mungu yumo chumbani, anafanya kazi ambayo maneno yetu yangeivuruga.

Nasi tunaahidi hapa, mbele yenu, kwamba mtoto atakayetuuliza tena swali lile hatutamdanganya. Twaomba kijana wetu, ambaye tunaamini sasa anauona uso wa Bwana, atuombee tuwe na ujasiri huo, maana tumegundua kwamba wakati mwingine anayekosa ujasiri si mgonjwa, bali ni yule aliyesimama kando ya kitanda.

Mwenyeheri Chiara Luce, utuombee. Bikira Maria, Afya ya Wagonjwa, uwaombee watoto wetu wanaoteseka na mama zao wanaokesha.

Tumsifu Yesu Kristo.